Jirani Asiye Mgeni Wala Mwenyeji: Mombasa, Tanga, Unguja na Suala la Ukaazi wa Kudumu

(Mhadhara uliotolewa Mji wa Kale, Mombasa)



Nimepewa saa moja. Nawajua watu wa mji huu: ikiadhiniwa Isha nitabaki hapa na viti. Kwa hiyo niseme mapema lililonileta.

Nimekuja kuzungumza juu ya mtu anayehamia nchi ya jirani kwa nia ya kuishi huko, pengine mpaka kufa kwake, bila ya kukana kwao. Simsemei mtalii, wala mkimbizi, wala yule anayetaka kubadilisha uraia. Namsemea Mmombasa aliyefungua maisha Tanga au Unguja, na Mpemba au Mtanga aliyefungua maisha hapa. Dai langu ni hili: sheria zetu za Afrika Mashariki zina nafasi ya mgeni na zina nafasi ya mwananchi. Jirani aliyekaa miaka 30, asiyetaka kuwa mmoja kati ya hao, hazina nafasi yake. Au zinayo kwa mwenye karatasi na fedha tu. Nitalitetea dai hilo kwa hoja nne, kisha niseme la kufanya.

Hoja ya kwanza: mji huu uliwahi kujua kumweka jirani

Historia ya kisiwa hiki mnaijua kunishinda. Nachukua jambo moja tu. Waswahili wa Mombasa walijipanga katika Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Wachangamwe na Watangana, na katika Tisa Taifa. Katika Tisa Taifa wamo Wamvita wenyewe, lakini wamo pia Wamtwapa, Wakilifi, Wapate, Wafaza na Washaka. Hawa ni watu wa miji mingine. Walitoka kwao kwa vita, kwa njaa au kwa biashara, wakaingia Mombasa, wakabaki na jina la walikotoka huku wakihesabiwa miongoni mwa wenye mji. Hakuna aliyewalazimisha wajiite Wamvita kwanza ndipo wapewe kauli.

Naona mzee pale mbele anatikisa kichwa, na najua swali lake. Na watumwa je? Kweli. Walioletwa kwa nguvu hawakupewa kauli, na ukarimu wa mji huu ulikuwa na mipaka yake ya kikatili. Silipambi lililopita. Nasema tu kwamba ule mpango wa mtu kuwa wa hapa na kubaki wa kwao haukutoka Ulaya, tulikuwa nao.

Halafu mipaka ikapita juu ya watu. Ukanda wa pwani wa maili 10 ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar, na baada ya mapatano ya 1895 Waingereza waliutawala kwa jina lake. Bendera yake nyekundu ilipepea juu ya Ngome ya Yesu mpaka 1963. Mzaliwa wa Ndia Kuu hapa na mzaliwa wa Darajani kule Unguja walikuwa chini ya Sultani mmoja. Oktoba 1963, Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, waliandikiana barua za makubaliano, na ukanda huu ukaingia Kenya moja kwa moja siku ya uhuru, Desemba 12.

Sasa katiba ya uhuru ilisemaje? Aliyezaliwa Kenya, na angalau mzazi wake mmoja akawa amezaliwa Kenya, aliamka siku ile akiwa raia. Wengine walipewa miaka miwili ya kuomba. Fikirini nyumba moja ya mtaa huu: baba mzaliwa wa Unguja, mama mzaliwa wa hapa, mtoto wa kwanza kazaliwa Unguja, wa pili kazaliwa hapa. Yule wa pili alipata uraia usingizini. Baba na mtoto wa kwanza walitakiwa wapange foleni. Na ni wangapi waliojua kwamba kuna foleni? Mwezi mmoja baadaye, Januari 12, 1964, yakatokea mapinduzi ya Unguja, na majahazi yakaanza kuleta watu ambao hata hawakuwa na wakati wa kuuliza karatasi. Februari 1977, Jumuiya ya zamani ya Afrika Mashariki ikivunjika, Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Humu ukumbini wamo waliooa na kuolewa katika miaka hiyo bila ya jamaa zao wa Tanga kuhudhuria.

Wapo waliohama wakapokewa vizuri. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, mwanachuoni wa Unguja, alihamia kwetu, na mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mtu kutoka nchi jirani akawa ndiye mwamuzi wa ndoa na mirathi za Waislamu wa Kenya nzima! Upande wa pili, Abdilatif Abdalla, kijana wa mji huu, alifungwa 1969 kwa waraka wake ‘Kenya: Twendapi?’, akatoka 1972, akaenda Dar es Salaam akafanya kazi katika taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu mpaka 1979. Nchi mbili zilibadilishana wasomi, na Kiswahili kikafaidika pande zote mbili.

Lakini tazameni kilichowabeba. Kila mmoja alikuwa na ofisi iliyomhitaji. Na hata hivyo wote wawili waliendelea na safari: Sheikh Farsy alimalizia umri wake Oman, alikofariki 1982, na Abdilatif akaenda London, kisha Ujerumani. Mvuvi wa Wete aliyetia nanga Shimoni hana ofisi inayomhitaji. Yeye ana mshipi, mke na watoto.

Hoja ya pili: Jumuiya imefungua kuingia, haikufungua kukaa

Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini Arusha Novemba 30, 1999. Itifaki ya Soko la Pamoja ilitiwa saini Novemba 20, 2009 na ikaanza kazi Julai 1, 2010. Kwa Itifaki hiyo raia wa nchi mwanachama anavuka mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro bila viza, na anaweza kupewa mpaka miezi sita. Akipata mkataba wa kazi, ana siku 15 za kuomba kibali, na ofisi ina siku 30 za kumjibu. Kuna haki ya kuanzisha biashara. Kuna haki ya ukaazi. Ukiisoma kwa haraka utasema mambo yamekwisha, tuliopigania umoja twende tukalale.

Soma polepole. Haki ya ukaazi, iliyo katika kifungu cha 14, imefungwa kwenye kazi au biashara: unakaa kwa sababu unafanya kazi, na kazi ikiisha, ukaazi nao unatetereka. Na mwishoni mwa kifungu hichohicho imeandikwa kwamba mambo ya ukaazi wa kudumu yatafuata sera na sheria za kila nchi. Kifungu cha 15 kinasema vivyo hivyo kuhusu ardhi. Yaani mambo mawili yanayomfanya mtu aseme ‘hapa ndipo kwangu’, kukaa bila tarehe ya mwisho na kuwa na kiwanja, ndiyo mambo mawili ambayo wakubwa wetu hawakukubaliana. Siwalaumu sana, Tanzania ina ardhi, Kenya ina watu wanaoitafuta, na kila mmoja alijua mwenzake anafikiri nini.

Basi twendeni kwenye sheria za kila nchi.

Kenya inao ukaazi wa kudumu. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011, kifungu cha 37, inataja wanaostahili. Wa kwanza ni aliyekuwa Mkenya wa kuzaliwa akapoteza uraia kwa sababu nchi aliyohamia hairuhusu uraia wa nchi mbili. Wa pili ni aliyeshika vibali vya kazi kwa miaka isiyopungua 7, na mitatu ya mwisho akawa ameishi hapa mfululizo. Kisha mtoto wa Mkenya aliyezaliwa nje akawa raia wa huko. Na mwenzi wa Mkenya, ndoa ikifika miaka mitatu. Akishapata hadhi hiyo, mtu anaingia, anatoka, anafanya kazi bila kibali kingine. Hapigi kura, na kitambulisho chake ni cha mgeni, lakini halali na hofu.

Kwa watu wa pwani hadhi hii ni johari, na nitaeleza kwa nini. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Mtanga aliyeolewa Mombasa akichukua uraia wa Kenya, ambao anaweza kuuomba ndoa ikitimiza miaka saba, ameupoteza wa kwao, na safari yake ya kumzika mama yake Tanga ataifanya akiwa mgeni. Akichukua ukaazi wa kudumu, anabaki Mtanzania, na hapa yupo na mumewe bila wasiwasi. Ni njia ya katikati. Nashangaa jinsi watu wachache katika mji huu wanavyoijua. Akina mama, kama mkwe wenu anatoka ng'ambo na ndoa ina miaka mitatu, mwulizeni kesho kama ameomba.

Ugumu uko kwa yule wa pili katika orodha. Miaka 7 ya vibali. Mvuvi hakuwa na kibali. Mama anayechoma mahamri alfajiri hakuwa na kibali. Ustadhi aliyefundisha chuoni miaka 25, watoto wa watoto wakapita mkononi mwake, hakuwa na kibali. Miaka yao ipo, mtaa mzima ni shahidi, lakini mbele ya sheria miaka hiyo haikupita.

Tukivuka upande wa pili, Sheria ya Uhamiaji ya Tanzania ya 1995 inatoa vibali vya ukaazi vya daraja A, B na C: mwekezaji na aliyejiajiri, mwajiriwa, na wengineo kama wanafunzi na watafiti. Kila kimoja kina tarehe ya kwisha. Tangu 2015 kibali cha kazi kimetengwa na kibali cha ukaazi, kwa hivyo mwajiriwa wa kigeni anabisha hodi mara mbili. Na ukienda Unguja ujue kwamba uhamiaji ni jambo la Muungano lakini ajira si la Muungano. Kibali cha kazi utakiomba kwa Serikali ya Mapinduzi. Nawaambia vijana wanaofikiri wakishafika Tanga, Unguja ni palepale. Si palepale.

Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia biashara za aina 15. Humo mna rejareja na jumla isipokuwa maduka makubwa ya supamaketi, uwakala wa fedha za simu, ufundi wa simu, saluni, kuongoza watalii, udalali. Kenya ililalamika kwamba Itifaki imevunjwa, na mimi nakubaliana na malalamiko hayo. Lakini isomeni ile orodha tena: hizo ndizo kazi za mhamiaji wa kawaida wa pwani. Injinia hakuguswa. Aliyeguswa ni yule aliyekwenda na mkasi na kiti cha kunyolea.

Na sisi tusijitoe. Kenya hii hii, mpaka Februari 2025 Rais William Ruto alipotangaza kwamba utaratibu huo umeondolewa, ilikuwa ikiwapitisha vijana wa Mji wa Kale mbele ya kamati za mahojiano ya ziada ili wapewe kitambulisho, kwa sababu ya majina yao na sura zao. Anayeshukiwa kwake mwenyewe hawezi kutarajia jirani yake apokewe kwa mikono miwili.

Hoja ya tatu: nyumba na mirathi

Hapa mawakili wenzangu watanisaidia nikiteleza. Katiba yetu, kifungu cha 65, inasema asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Tanzania, Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi mgeni ardhi isipokuwa kwa uwekezaji.

Wekeni hayo mawili mbele, kisha mfikirie msiba wa kawaida. Mama amefariki Kuze, ameacha nyumba ya ghorofa mbili na watoto watatu. Wawili Wakenya, mmoja alichukua uraia wa Tanzania zamani. Kadhi, kwa mamlaka aliyopewa na kifungu cha 170, anagawa kwa sharia, na sharia haiulizi pasi ya kusafiria. Yule wa Tanga anapata fungu lake kamili. Lakini fungu hilo likishaandikwa kwenye hati ya ardhi, milki yake ya daima imegeuka ya miaka 99. Ndugu watatu, tumbo moja, nyumba moja, na mmoja wao ni mpangaji wa muda wa Jamhuri. Kama familia haina umoja, hapo ndipo kesi zinapoanzia. Na mnajua ni nyumba ngapi za mtaa huu zinazoanguka plasta kwa sababu warithi wako nchi tatu na hakuna anayeweza kutia saini.

Jinsia nayo ina hesabu yake. Sheria ya uraia ya Tanzania ya 1995 inamfungulia njia mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania. Mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo. Kenya ilikuwa hivyo hivyo mpaka 2010. Kwa hiyo binti wa Mombasa akiolewa Tanga ana mlango, kaka yake akioa Tanga anasubiri nje.

Hoja ya nne: tunampokea jirani kwa kumfuta ujirani

Wamakonde walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya pwani. Wajukuu zao walizaliwa Kwale bila uraia wowote. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi, na mwaka uliofuata wakaanza kupewa vitambulisho, wakaitwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba wa Kilifi, Kwale na Mombasa walisubiri mpaka 2023. Kabla ya hapo mvuvi wa Kipemba, bila kitambulisho, hakuweza kukata leseni kwa jina lake, kusajili laini ya simu wala kufungua akaunti. Mashua yenyewe iliandikwa jina la mtu mwingine, na siku wakikosana na mtu huyo, mashua ilikuwa ya nani?

Nilifurahi siku zile kama nyinyi. Lakini nina neno, na naomba lisipokewe kama kijiba cha roho. Njia tuliyoipata ya kumwondolea jirani dhiki ilikuwa kumtangaza kabila. Ilibidi jamii nzima ithibitishe kwamba ni ya hapa tangu hapo, kwamba haina kwao kwingine. Kwa wengi hilo lilikuwa kweli. Na yule ambaye anako kwao kwingine, ana mama Wete na mke Shimoni, na anawapenda wote wawili? Huyo alibakiwa na chaguo la kusema uongo au kunyamaza. Mwaka 2001, baada ya mauaji ya Zanzibar ya Januari 26 na 27, zaidi ya watu 2,000 walivuka kutoka Pemba kuja Shimoni, na wengi wakarudi mwaka huohuo. Bahari ile inavukwa kwenda na kurudi. Sheria inayomtaka mtu aseme mara moja na milele ni wa upande gani haiijui bahari ile.

Fedha lakini zinaijua. Zanzibar, mgeni anayenunua nyumba katika miradi iliyoidhinishwa kwa dola 100,000 na zaidi hupewa kibali cha ukaazi, pamoja na mwenzi na watoto wake. Kwa hiyo kanuni inawezekana kulegezwa. Imelegezwa kwa mtu wa mbali mwenye dola, kabla ya mtu wa Vanga mwenye shemeji Pemba.

La kufanya

Nchi nyingine zimefanyaje? Umoja wa Ulaya, raia wa nchi mwanachama akiishi kihalali katika nchi nyingine kwa miaka mitano mfululizo, haki ya kubaki daima inamjia kwa sababu ya miaka hiyo. Mtu atasema wale ni matajiri. Basi tazameni Amerika ya Kusini: makubaliano ya ukaazi ya Mercosur ya 2002 yanampa raia wa nchi mwanachama miaka miwili ya muda, kisha anaomba ya kudumu. Wale nao wana umasikini na ugomvi wa mpaka.

Kwa vijana mnaotaka kuhama, kwanza. Gongeni muhuri kila mnapovuka, hata kama dereva wa basi anawaambia hakuna haja. Wekeni nakala za mikataba ya nyumba. Ndoa iliyofungwa msikitini iandikishwe, na mtoto akizaliwa ng'ambo cheti chake kisingoje mpaka siku ya shule. Na usichukue kitambulisho cha nchi ya pili kwa jina la binamu. Kwa Tanzania kitendo hicho kinaweza kukuvua uraia, na kwa Kenya kitakufungia milango ambayo kifungu cha 37 kilikuwa tayari kukufungulia.

Kwa serikali, nina maombi matatu. Kenya ihesabu miaka ya kuishi, kwa ushahidi wa mtaa, mwenye nyumba, chuo au bandari ya wavuvi, pamoja na miaka ya vibali, kwa raia wa Jumuiya. Tanzania iwe na ukaazi wa kudumu katika sheria yake, angalau kwa wenzi wa raia, wake kwa waume. Na Jumuiya ifungue tena kifungu cha 14, iweke idadi ya miaka ambayo, ikipita, jirani hafukuziki. Mimi nasema saba. Wakisema kumi, nitatia saini.

Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi Bungeni. Rasimu ya ombi la kwanza kati ya hayo matatu iko mezani karibu na mlango, kurasa mbili. Ndugu zetu wa Tanga wamechukua nakala ya la pili wakalitazame na mawakili wa kwao, kwa sababu si adabu sisi kuwaandikia. La tatu litahitaji pande zote mbili, na Bunge la Afrika Mashariki lina wabunge 9 kutoka kila nchi. Tuanze kwa kuwajua wetu ni akina nani. Naomba maswali sasa, na naomba anayeanza awe mtu anayeishi hapa kwa pasi ya nchi nyingine, kama yuko tayari kusimama.